Abaki Nyumbani au Ahame? Mwongozo kwa Mwenye Demensia na Familia Yake

Wiki ya mwisho ya Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa pomoni. Watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wanarudi Kilimanjaro kula sikukuu, na ndipo wengi wanapogundua yale ambayo simu za Jumapili zilikuwa zikiyaficha. Mama anauliza swali lile lile mara nne kabla chai haijapoa. Sufuria imeungua. Dawa za presha za Septemba bado zimo kwenye bahasha. Jioni watoto wanakaa kikao barazani huku mama akiwa jikoni, na kabla ya mwaka mpya imeshaamuliwa kwamba anahamia mjini. Yeye huambiwa mizigo ikiwa imeshafungwa.

Uamuzi wa namna hiyo hufanywa kwa upendo, lakini una kasoro mbili: mwenyewe hakuulizwa, na mambo yalipimwa kwa siku mbili tatu za sikukuu, nyumba ikiwa imejaa watu na ratiba ya mzee imevurugika.

Mwongozo huu ni wa familia iliyofika hapo, na kwanza kabisa ni wa mwenye ugonjwa. Kama daktari amekwambia una demensia, leo unayo nafasi ya kusema unataka kuishi wapi, na nani, na mpaka hali ifike wapi. Nafasi hiyo hupungua kadiri ugonjwa unavyoendelea. Usome na mtu unayemwamini, mwandike majibu pamoja.

Kwa nini mahali pana uzito

Demensia si nadra. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nayo, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliowapima wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuta karibu sita katika kila mia wanayo.

Ugonjwa huu haufuti kumbukumbu zote kwa mpigo. Katika Alzheimer, aina inayowapata wagonjwa wengi zaidi, mambo ya jana na leo hutangulia kupotea, ilhali mazoea ya mikono na miguu hudumu. Bibi asiyekumbuka kama amekula bado anaijua gizani njia ya kutoka kitandani hadi chooni, na anajua chumvi inakaa kwenye kopo lipi. Mhamishie ghorofa ya tatu Kinondoni, ujuzi wote huo unakosa kazi. Anajikojolea kwenye korido, na watoto wanasema ugonjwa umezidi. Huenda ugonjwa ni ule ule, kilichobadilika ni nyumba.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Mtu anayeishi peke yake anaweza kukonda kwa miezi bila mtu kujua, akanywa dawa mara mbili, au akatoka usiku asijue pa kurudi. Kwa hiyo nyumbani hapamfai kila mtu, wala hapafai katika kila hatua ya ugonjwa.

Machaguo halisi ni yapi?

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inaweka matunzo mikononi mwa familia kwanza, na makao ya wazee kuwa njia ya mwisho. Makazi ya serikali, kama Nunge huko Kigamboni au Sebleni na Welezo kule Unguja, ni ya wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Kenya kuna makao ya makanisa na ya watu binafsi, lakini ni machache na ya kulipia hayako kwenye uwezo wa wengi. Ndiyo maana familia nyingi za Afrika Mashariki huchagua kati ya haya manne:

- Abaki kwake, na msaada umfuate: ndugu, jirani au msaidizi wa kulipwa.
- Abaki kwake, na mtoto au mjukuu ahamie kwake.
- Ahamie kwa mtoto mmoja, moja kwa moja.
- Azungushwe kwa watoto, mwezi huku, mwezi kule.

La nne huonekana la haki kwa watoto, kwa kuwa mzigo unagawanywa sawa. Kwa mgonjwa ndilo gumu kuliko yote, maana kila mwezi anaanza upya kujifunza choo kiko wapi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni nini

Usiamue mahali pa kuishi kabla ya uchunguzi. Yapo magonjwa yanayofanana na demensia na yanayotibika, na mengine huizidisha.

1. Mpeleke kituo cha afya, na uombe rufaa ya hospitali kubwa kama KCMC Moshi, Muhimbili au Kenyatta.
2. Uliza kuhusu upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, sonona, kaswende na VVU.
3. Beba dawa zote anazotumia, pamoja na za dukani. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, na za usingizi za aina ya diazepam, zinaweza kumchanganya mzee.
4. Apimwe macho na masikio. Mtoto wa jicho na uziwi humfanya mtu aonekane amepotea kuliko alivyo.

> Tahadhari. Mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya saa au siku chache, ni mgonjwa wa dharura. Malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo au upungufu wa maji mwilini vinaweza kumchanganya kabisa. Atibiwe kwanza. Kikao cha makazi kisubiri hadi apone.

Hatua ya 2: Jua nani anaamua

Jibu la kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unampa mtu haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inawataja wazee kwa jina: waishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na wapate matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na Serikali.

Kuambiwa una demensia hakumaanishi huwezi tena kuamua. Uwezo hupimwa kwa uamuzi mmoja mmoja. Mtu aliyeshindwa kusimamia akaunti ya benki anaweza kabisa kueleza kwa nini anataka kulala kwake. Sheria ya uwezo wa kuamua ya England na Wales ya mwaka 2005 imeweka vipimo vinne ambavyo familia yoyote inaweza kuvitumia kama mwanga:

1. Je, anaelewa kinachoulizwa, kikielezwa kwa maneno mepesi?
2. Je, anakishika akilini kwa muda wa kutosha kuamua?
3. Je, anaweza kulinganisha faida na hasara?
4. Je, anaweza kuonyesha uamuzi wake, kwa maneno, kwa ishara au kwa njia nyingine?

Sheria hiyo inaongeza jambo ambalo watoto hulisahau: uamuzi usiokupendeza hauthibitishi kwamba aliyeufanya hana akili timamu. Mzee mwenye afya ya akili anaruhusiwa kukataa kuhama. Mwenye demensia anayepita vipimo hivi vinne anaruhusiwa pia.

Hatua ya 3: Zungumza naye vizuri

Chagua saa yake nzuri, ambayo kwa wengi ni asubuhi. Jioni wengi huchanganyikiwa zaidi. Mkae wawili watatu, redio ikiwa imezimwa. Tumia lugha yake ya kwanza, iwe Kichaga, Kikamba au Kidigo, kwa sababu wengi huikimbilia hiyo maneno yanapopotea. Uliza jambo moja, kisha subiri.

> Maswali yanayofungua mazungumzo
> - Siku yako nzuri inakuwaje, toka unapoamka?
> - Ukiwa peke yako, nini kinakutia hofu?
> - Ukiumwa usiku, ungependa aje nani?
> - Ukiwa mbali na hapa, utakosa nini zaidi?
> - Nani usingependa akuogeshe?
>
> Epuka "Hukumbuki?" na "Si tulishakubaliana?" Maneno hayo humgeuza mzee kuwa mtahiniwa.

Rudia maswali yale yale siku nyingine. Akijibu vilevile, hilo ni tamko thabiti, hata kama hakumbuki kwamba mliwahi kuzungumza. Majibu yakitofautiana, uliza tena siku ya tatu.

Kwa aliyekwisha kupoteza maneno, tazama anatulia wapi, anakula vizuri akiwa na nani, na waulize marafiki wa zamani alikuwa akisema nini juu ya uzee wake. Pia usichukue kauli "nipelekeni nyumbani" kama anwani. Wengi huisema wakiwa ndani ya nyumba yao wenyewe. Mara nyingi ni hofu, maumivu au upweke. Angalia kwanza kama ana njaa, haja ndogo au baridi.

Mfano wa aliyebaki: Wendy Mitchell

Wendy Mitchell, mtumishi wa huduma ya afya ya Uingereza, aligunduliwa na demensia mwaka 2014 akiwa na miaka 58. Alikuwa na mabinti wawili, lakini aliendelea kuishi peke yake kijijini, kaskazini mwa England, na kuandika vitabu juu ya maisha hayo hadi alipofariki Februari 2024. Hakujidanganya kuhusu ugonjwa. Aliweka kengele za kumkumbusha kula na kumeza dawa. Milango ya ndani ilipoanza kumtatiza, kwa sababu hakujua nyuma yake kuna nini, aliiondoa. Alitenga chumba cha picha za watu na mahali, zikiwa zimeandikwa ni nani na ni wapi.

Msomaji wa Tanga au Kisumu hana haja ya kuiga vifaa vyake. Cha kuchukua ni utaratibu: kila tatizo lilipojitokeza, alitafuta kwanza kilichoweza kubadilishwa nyumbani.

Hatua ya 4: Pima hatari kwa daftari

"Anaweza kujichoma" ni hofu. "Ameacha jiko linawaka mara mbili wiki hii" ni taarifa. Kwa wiki mbili, yeyote anayekuwa naye aandike: nini kimetokea, saa ngapi, madhara gani, na kingezuilikaje. Kisha kagueni nyumba.

> Orodha ya ukaguzi wa nyumba
>
> ☐ Jiko. Mkaa uwashwe nje na mtu mwingine. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata wakati wa baridi. Hewa yake ya kaboni monoksidi huua bila harufu. Gesi ifungwe kwenye mtungi baada ya kupika. Kibatari kibadilishwe kwa taa ya sola.
>
> ☐ Choo. Kama kiko nje, weka taa, ondoa mawe njiani, funga mti wa kushikilia. Usiku weka ndoo au kiti cha choo chumbani.
>
> ☐ Maji. Kisima na tangi vifunikwe na kufungwa.
>
> ☐ Dawa na sumu. Dawa zipangwe kwa siku, chini ya mtu mmoja. Dawa za mifugo na za kupulizia mimea zifungiwe, hasa zilizowekwa kwenye chupa za soda.
>
> ☐ Fedha na hati. Namba ya siri ya simu isijulikane na kila mjukuu. Hati za shamba na nyumba zihifadhiwe salama, na nakala ziwe kwa watu wawili.
>
> ☐ Kupotea. Jina na namba ya simu vishonwe kwenye pindo la nguo. Picha yake ya karibuni iwe kwenye simu za wote.
>
> ☐ Majirani. Mwenyekiti wa kitongoji au Nyumba Kumi, mwenye duka, bodaboda wa kijiweni na viongozi wa dini waelezwe ugonjwa na wapewe namba ya kupiga.

Kipengele hicho cha mwisho kinaweza kuokoa maisha. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake au anayegonga mlango usio wake huweza kudhaniwa mchawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma hizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Eleza mapema, mbele ya watu, kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo na una daktari wake. Ikiwa minong'ono imeshaanza, au kuna ndugu anayeitamani ardhi, hesabu hiyo kama hatari kubwa kuliko jiko na kisima, utoe taarifa kwa polisi na kwa chifu au mtendaji wa kijiji, na umwondoe hapo kwa muda.

Hatua ya 5: Hesabu mikono, kisha fedha

Wiki ina saa 168. Chora jedwali la siku saba, uandike jina la mtu katika kila kipande cha asubuhi, mchana, jioni na usiku. "Tutasaidiana" halijazi hata kipande kimoja. Mwanzoni mwa ugonjwa baadhi ya vipande vinaweza kubaki wazi bila shida, baadaye hapana.

WHO inasema wanawake ndio wanaotoa asilimia 70 ya saa za kuwatunza wenye demensia. Kwa hiyo jedwali likijaa jina la binti mmoja au mkaza mwana mmoja, mpango huo utavunjika naye. Ndugu walio mbali wana kazi zao pia: mmoja ashike dawa na kliniki, mwingine fedha, mwingine aje wiki nzima kila baada ya miezi mitatu ili anayetunza alale.

Kama mnaajiri msaidizi, mwambieni ugonjwa kwa jina lake kabla hajakubali. Awe na mshahara wa kueleweka, siku ya kupumzika, na usiku wa kulala. Msichana wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua hawezi kugeuzwa muuguzi wa usiku kwa mshahara ule ule.

Kwenye fedha, orodhesheni chakula, dawa, nepi za watu wazima, usafiri na mshahara. Ongezeni mnachostahili kupata: Kenya ina mpango wa Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, na Zanzibar ilianza pensheni jamii kwa umri huo huo mwaka 2016. Hazitoshi, lakini mzee asikose kuandikishwa.

Wakati uwezo wa kuamua bado upo, mwoneni wakili kuhusu wosia na nani atasimamia mali. Muulizeni wazi kama hati ya uwakilishi mnayoandika itaendelea kufanya kazi baada ya mhusika kupoteza uwezo, kwa sababu ya kawaida huweza kukoma hapo hapo mnapoihitaji.

Hatua ya 6: Jaribuni kabla ya kufunga mlango

1. Kama anabaki, wekeni mpango mpya kwa wiki sita, kisha mkae tena na daftari.
2. Kama anahama, aende kwanza kwa majaribio, akijua ni majaribio. Kumwambia "tunakwenda hospitali tu" huondoa imani mnayoihitaji baadaye.
3. Abebe blanketi lake, redio yake, kikombe chake, picha zake. Kitanda kielekee upande aliouzoea, na taa ya njia ya chooni iwake usiku.
4. Nyumba yake isipangishwe wala mifugo isiuzwe katika kipindi cha majaribio.
5. Mtafutieni kazi ndogo kila siku: kuchambua mchele, kumenya maharage, kumwagilia maua.

Makosa yanayojirudia

- Kuamua baada ya tukio moja la kutisha, bila kuuliza kama linazuilika.
- Kumfungia ndani peke yake. Moto ukizuka hana pa kutokea.
- Kumfunga kamba. Kunamjeruhi na kunamzidishia fujo.
- Kumwamini mtoto anayepiga simu kila siku kuliko yule anayelala naye.
- Kusubiri hatua ya mwisho ndipo ahamishwe, wakati hawezi tena kuzoea. Ikiwa kuhama hakuepukiki, mapema ni nafuu.
- Kuahidi "hatutakuhamisha kamwe". Ahidi hili badala yake: hatutakuhamisha bila kukwambia.

> Dalili kwamba nyumbani hapatoshi tena
>
> ☐ Anakonda ingawa chakula kinaletwa.
> ☐ Ametoka na kupotea zaidi ya mara moja, na hatua mlizochukua hazijasaidia.
> ☐ Anaanguka mara kwa mara.
> ☐ Anahitaji mtu usiku kucha, na jedwali halina jina la usiku.
> ☐ Anayemtunza anaugua, anakosa usingizi, au ameanza kumpiga au kumfokea.
> ☐ Kuna anayemdhulumu mali au kumtishia.
>
> Mbili za mwisho hazisubiri kikao kijacho. Itisheni kingine siku hiyo hiyo.

Watunzaji nao wana pa kusemea. Nchini Kenya, Elizabeth Mutunga alianzisha shirika la Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, lenye vikundi ambamo wanafamilia hukutana na kupeana mbinu. Huko Hai, watafiti walijaribu vikao vya vikundi vya kuchangamsha akili za wagonjwa, vyenye mazungumzo, nyimbo na michezo, na matokeo yakatia moyo. Mahali pasipo na kikundi, familia tatu za parokia au msikiti mmoja zinatosha kuanzisha.

Karatasi ya makubaliano

Iandikwe kwa mkono, ukurasa mmoja, isomwe kwa sauti mbele ya mzee, na kila ndugu apate nakala.

1. Jina la mzee, na maneno yake mwenyewe kuhusu anapotaka kuishi: ……
2. Tarehe mbili alizoulizwa, na waliokuwepo: ……
3. Atakaa wapi kwa sasa, na na nani: ……
4. Mabadiliko ya nyumba, nani anayafanya na lini: ……
5. Jedwali la wiki limebandikwa wapi: ……
6. Nani anachanga kiasi gani, kinatumwa tarehe ngapi, kwa namba ipi: ……
7. Dalili zitakazotulazimu kukutana mara moja: ……
8. Ikibidi ahame, mahali alipopachagua yeye kuwa pa pili: ……
9. Majina matatu ya kupigiwa usiku, kwa mpangilio: ……
10. Tarehe ya kikao kijacho, isizidi miezi mitatu: ……